Sindano za Zamani na Virusi vya Homa ya Ini C

Nilipoanza uuguzi huku Endamarariek, sindano zilikuwa za kioo, tukizichemsha sufuriani na kuzitumia tena. Mzee akipewa vidonge vitupu aliuliza, "Mwanangu, leo hunichomi?" Dawa bila sindano kwake haikuwa dawa.

Imani hiyo ilikuwa na chanzo. Katika miaka ya 1920, serikali ya Tanganyika ilitibu buba kwa sindano za aseniki na bismuthi. Vidonda vilikauka haraka, watu wakamiminika, na sifa ya sindano ikawafikia wajukuu.

Sifa hiyo ilikuwa na gharama ambayo hakuna aliyeweza kuiona. Virusi vya homa ya ini C vilitambuliwa mwaka 1989 tu, ilhali huambukizwa kwa damu, na sindano isiyochemshwa sawasawa huvibeba. Misri ndiyo iliyoumia zaidi: tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampeni ya kutibu kichocho kwa sindano ilivieneza vijijini.

Virusi hivyo vina koo zake, ziitwazo jenotaipu. Ukoo wa 4 ndio uliotawala Misri na Afrika ya Kati. Ukoo wa 3 hujaza ini mafuta na kuharakisha makovu. Wingi wa virusi kwenye damu, kinyume na wengi wanavyodhani, haupimi ukubwa wa ugonjwa: mtu mwenye virusi vingi anaweza kuwa na ini zima, na mwenye vichache likawa limesinyaa.

Enzi za intaferoni na ribavirini, ukoo ndio uliopanga tiba. Wenye ukoo wa 2 au wa 3 walitibiwa wiki 24, na takriban wanane kati ya kumi walipona. Wa 1 na wa 4 walivumilia homa na uchovu wa dawa kwa wiki 48, na karibu nusu yao hawakupona. Hapo wingi wa virusi ulikuwa na uzito, kwa kuwa ulipunguza nafasi ya kupona.

Vidonge vya sofosbuviri, vilivyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2013, vilileta matumaini mapya. Lakini majirani zetu wa Rwanda walipojaribu sofosbuviri pamoja na ledipasviri, matokeo yao ya 2019 yalionyesha kwamba asilimia 87 walipona, ila kwa wenye tawi la 4r ni asilimia 56 tu. Tawi hilo lina mabadiliko ya asili yanayopunguza makali ya dawa. Majaribio makubwa ya Ulaya na Marekani hayakuligundua kwa sababu huko ni nadra. Baadaye mchanganyiko wa dawa tatu uliwaponya karibu wote ambao dawa za kwanza ziliwashinda.

Kwa hiyo dawa iliyosifiwa ng'ambo haina budi kujaribiwa kwenye damu ya huku. Nao wazee waliochomwa sindano enzi zile wapimwe mara mbili: kipimo cha kwanza huonyesha kwamba virusi viliwahi kuingia mwilini, cha pili ndicho kinachosema kama bado vimo.