Picha iliyokuzwa mara tano bado inagawa mashamba ya Ekero

Tangu Uhuru Kenyatta, akiwa Rais, azindue mfumo wa Ardhisasa Aprili 2021, Wakenya wamekuwa wakiahidiwa kwamba rekodi za ardhi zitahamia kwenye kompyuta, kaunti baada ya kaunti. Ahadi ni njema. Lakini mwenye shamba Ekero, soko lililo karibu na mji wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, ana swali linalotangulia mfumo wowote: ramani itakayoingizwa humo ilichorwa vipi?

Hati miliki za hapa huandikwa South Wanga/Ekero, kisha nambari ya kipande. Mpima ardhi akishapata nakala ya ramani ya sehemu hiyo huiskani, huifungua kwenye AutoCAD, kisha huandika amri ya SCALE. Hubonyeza kona moja inayojulikana, hubonyeza ya pili, halafu huandika urefu halisi alioupima kwa tepu kati ya kona hizo. Kufumba na kufumbua, karatasi nzima imetanuka na mistari yote inasomeka kwa mita.

Kazi hiyo imetoka mbali. Padri Mjesuiti wa Ujerumani, Christoph Scheiner, alibuni pantografu mwaka 1603, chombo cha vijiti vilivyounganishwa ambacho kwacho mchoraji alikuza au kupunguza mchoro kwa mkono. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwenye kioo cha kompyuta na kubadili ukubwa wa umbo kwa kuzungusha vitufe. AutoCAD ilitambulishwa Las Vegas Novemba 1982, na toleo lake la 2.5, la mwaka 1986, ndilo lililoleta amri ya SCALE.

Lakini amri hiyo haisahihishi kosa lililomo katika ramani zetu. Kosa hilo ni la zamani kuliko amri yenyewe, na lilizaliwa katika mvutano wa wapimaji na watawala.

Mpango wa kikoloni wa Swynnerton, wa 1954, ulitaka Mwafrika apewe hati ya shamba lake, na upesi. Wapimaji walikuwa na desturi yao: kila kona ichimbiwe alama na ipimwe kwa vyombo. Watawala waliona kwamba kwa mwendo huo wakulima wangengoja mpaka wajukuu wao wazeeke. Kukapatikana njia ya kati, iliyoazimwa Uingereza: mpaka uwe ni ua uliopandwa shambani, na ramani iwe ya kuonyesha tu kwamba kipande namba fulani kiko karibu na kipande namba fulani. Sheria ya 1959 ya kusajili ardhi za Waafrika ikafuata mkondo huo.

Ndipo ndege zikaingia kazini. Katika sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, picha za anga za kipimo cha 1:12,500 zilikuzwa mara tano zikawa 1:2,500, bila kusahihishwa, na mistari ya mashamba ikachorwa kwa kufuata picha hizo. Ramani iliyotoka iliitwa PID, yaani kielelezo cha awali. Mpango ulikuwa kwamba wenyeji wapande ua, ua ukue, ndege irudi kupiga picha upya, kisha ichorwe ramani ya kudumu.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya huru iliunda tume ya kuchunguza shughuli nzima. Aliyeiongoza ni J.C.D. Lawrance, aliyewahi kuwa ofisa wa kikoloni Uganda. Kilichowasumbua wakubwa wakati huo ni mwendo wa kazi, na ripoti ya 1966 ilizaa Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968. Hati zikamiminika. Ramani ya kudumu ikabaki kuwa deni, na ile ya awali ikazeeka kazini.

Madhara ya kutumia picha zisizosahihishwa si ya kubahatisha. Kamera yenye lenzi ya milimita 152 ikipita mita 1,900 juu ya ardhi hutoa picha ya 1:12,500. Ardhi ikiinuka mita 60, kilima kimeikaribia kamera: urefu wake kwenye picha huzidi kwa zaidi ya asilimia 3, na eneo kwa zaidi ya asilimia 6. Kwenye ekari moja, hizo ni karibu mita za mraba 270, zaidi ya nusu ya ploti ya futi 50 kwa 100. Ekero ina nafuu kwa kuwa haina miinuko mikali kama ya vilima vya Maragoli, lakini hata hapa mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita hufunika mita moja na robo ya udongo.

SCALE huzidisha kila kitu kwa namba moja. Ukirekebisha bonde, kilima kinabaki na uongo wake, sasa ukiwa na desimali tatu. Dawa ni kupima alama nyingi uwanjani na kuivuta ramani sehemu kwa sehemu hadi ilingane nazo. Kazi hiyo inahitaji fedha na miguu, na ndiyo inayokwepwa kila bajeti inaposomwa.

Siku hizi ndugu wanagawana urithi, mashamba yanakatwa ploti, na neno la mwisho anapewa kijana mwenye kompyuta. Sheria haimpi uzito huo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema ramani huonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mipaka ilipothibitishwa rasmi. Mgogoro wa mpaka huanzia kwa msajili wa ardhi kabla ya mahakama kuusikiliza.

Kwa hiyo minyaa, mkonge na miti ya lusiola waliyopanda wazee mpakani bado ni ushahidi mzito kuliko mstari wa kwenye kioo. Anayeng'oa ua ili apate nafasi ya mistari miwili ya miwa anajiharibia kesi mwenyewe. Nayo serikali, kabla ya kujisifu kwamba imeiweka Ekero mtandaoni, ilipe kwanza deni la ramani ililoliacha hapa tangu enzi za picha za ndege.