Mwigizaji Ndani ya Mwandishi: Francis Imbuga na Safari ya Tamthilia hadi Tseikuru

Historia ya tamthilia nchini Kenya mara nyingi huelezwa kana kwamba ni historia ya jengo moja, yaani ukumbi wa kitaifa wa maonyesho uliofunguliwa Nairobi mwaka wa 1952. Mtazamo huo haumwelezi mwanafunzi wa Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, mbele ya Mwingi na Kyuso. Mwanafunzi huyu huweza kuwafahamu Mulili, Jusper na Boss vyema bila ya kuwahi kuona jukwaa lenye pazia, kwani wahusika hao walimfikia kupitia kitabu teule. Makala haya yanapitia maisha ya mbunifu wao, Francis Imbuga, kwa kushikilia hoja moja: Imbuga aliandika kama mwigizaji, na ni uigizaji huo ulioziwezesha kazi zake kuishi mbali na ukumbi wowote.

Imbuga alizaliwa mwaka wa 1947 katika kijiji cha Wenyange, Maragoli. Alisoma Chavakali, kisha Alliance, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa tayari akitunga na kuigiza katika mashindano ya drama ya shule. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliiandikia televisheni ya Sauti ya Kenya michezo mingi na kuigiza humo. Malezi hayo yalikuwa na athari. Mtunzi wa televisheni hana nafasi ya hotuba ndefu; mhusika sharti ajitambulishe kwa maneno machache na kwa namna anavyoyatamka. Aidha, mwigizaji hauoni mswada kuwa kitu kilichokamilika. Ndiyo maana *The Married Bachelor* ya mwaka wa 1973 ilirudi mwaka wa 1989 ikiwa imeandikwa upya kwa jina la *The Burning of Rags*.

*Betrayal in the City* ilichapishwa mwaka wa 1976. Mandhari yake ni nchi ya Kafira, jina ambalo herufi zake zikipangwa upya huzaa Afrika. Mwaka huo tamthilia hii, pamoja na *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ziliandaliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC lililofanyika Lagos mwaka wa 1977. Zote mbili zilipata siku chache tu katika ukumbi wa kitaifa, ambao ratiba yake ilikuwa imetengewa maonyesho ya kigeni. Mwezi wa Desemba 1977 Ngũgĩ alitiwa kizuizini, baada ya mchezo wa Kamĩrĩthũ kupigwa marufuku. Imbuga hakuguswa.

Tofauti hiyo imezua swali zito: je, Imbuga aliogopa? Jibu limo katika muundo wa tamthilia yenyewe. Jusper, ambaye nduguye Adika ameuawa kwa risasi, husema ukweli kwa kuwa watu humdhania kuwa mwendawazimu. Wafungwa nao huruhusiwa kuandaa mchezo wa kumtumbuiza mgeni wa serikali, na mazoezi yao yanageuka kuwa mapinduzi halisi mbele ya Boss. Kwa Imbuga, basi, uigizaji ni maudhui na pia ni ngao: mtawala hucheka hadi anapotambua kwamba bunduki si ya mchezo.

Aliyelitambua jambo hili mapema ni John Ruganda, mwandishi, mwigizaji na mwelekezi wa Uganda aliyeishi Kenya kama mkimbizi. Mwaka wa 1991 Imbuga alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Iowa kwa utafiti juu ya tamthilia za Ruganda. Mwaka wa 1992 Ruganda akachapisha kitabu kizima juu ya siasa za tamthilia za Imbuga, na katika jina lake akautaja ukweli usemwao kwa kicheko. Ni nadra watunzi wawili kusomana kwa makini kiasi hicho.

Kitabu teule, hata hivyo, kina hasara yake. Mtihani hudai dhamira na sifa za wahusika, na mwanafunzi huzikariri akiwa ameketi kimya. Lakini Ukambani una myali, nyimbo za kukosoa na kukemea ambazo maana yake hukamilika mbele ya hadhira. Jamii yenye sanaa hiyo haihitaji kufundishwa jinsi ya kumcheka Mulili. Mwalimu akisukuma madawati kando na kuwagawia wanafunzi sehemu za kusema, darasa la Tseikuru huwa Kafira, na vichekesho ambavyo mtihani hauwezi kuvipima husikika.

Imbuga alifariki tarehe 18 Novemba 2012, mwaka mmoja baada ya kuchapishwa kwa *The Return of Mgofu*. Wahakiki waendelee kuyachambua maandishi yake. Lakini hukumu ya haki kwa mwandishi aliyekuwa mwigizaji itatolewa na wale wanaosimama na kuyatamka.