Kutoka Biti 1 hadi Biti 24: Historia ya Kina cha Rangi katika Skrini za Kompyuta na Hatima ya Hati za Kiswahili Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kina cha rangi, yaani idadi ya biti zinazotengwa kuhifadhi rangi ya kila pikseli, tangu skrini za miaka ya 1980 hadi za leo. Hoja kuu ni kwamba ubanaji wa rangi uliozaliwa na bei ya kumbukumbu za kompyuta umerithiwa na kazi ya kunakili hati kidijitali, na kwamba urithi huo unaweza kufuta sehemu ya ushahidi wa historia ya Kiswahili. Bujumbura inatumiwa kama mfano.

Utangulizi

Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya biashara kandokando ya Ziwa Tanganyika. Utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani ulikitumia katika shughuli zake hadi Wabelgiji walipouteka mji huo mwaka 1916. Tawala zilibadilika, wazungumzaji wakabaki. Mtaa wa Buyenzi ungali unajulikana kwa Kiswahili chake. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 mji uliitwa Bujumbura, na tarehe 1 Julai 2007 Burundi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Historia kama hii huachwa katika karatasi: za ofisi, za misikiti na za majumbani. Karatasi huchakaa na wino hufifia, ndiyo maana haja ya kuzinakili kidijitali haina mjadala. Kinachohitaji mjadala ni namna ya kuzinakili. Swali ambalo huulizwa kwanza ni nukta ngapi kwa inchi. Swali la pili, kwamba kila nukta ibebe biti ngapi, ni rahisi kusahaulika.

Bei ya rangi

Kina cha rangi huhesabiwa kwa kuzidisha mbili. Biti 1 huruhusu hali mbili tu, nyeusi au nyeupe. Biti 8 huruhusu viwango 256. Biti 24, yaani 8 kwa nyekundu, 8 kwa kijani na 8 kwa buluu, huruhusu rangi 16,777,216.

Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na skrini ya biti 1; kijivu kilipatikana kwa hila ya kuchanganya nukta nyeusi na nyeupe. Mfumo wa CGA wa IBM, uliotoka mwaka 1981, ulionyesha rangi nne kwa wakati mmoja katika picha ya pikseli 320 kwa 200. EGA ya mwaka 1984 ilifikisha rangi 16 zilizochaguliwa kati ya 64. VGA ya mwaka 1987 ilifikisha 256 kati ya 262,144, lakini kwa pikseli 320 kwa 200 tu. Kwa pikseli 640 kwa 480 ilirudi kwenye rangi 16.

Sababu ilikuwa hesabu ya kumbukumbu. Kadi ya VGA ilikuwa na baiti 262,144. Picha ya pikseli 640 kwa 480 yenye rangi 256 inahitaji baiti 307,200, na yenye biti 24 inahitaji 921,600. Jicho la mtumiaji lingeweza kupokea zaidi. Kadi ndiyo haikuwa na nafasi.

Hesabu hiyo hiyo ilihamia kwenye skana. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli takriban milioni 8.7. Bila kubanwa, kwa biti 1 unachukua megabaiti 1.1, kwa biti 24 unachukua megabaiti 26. Ofisi yenye diski ndogo ilikuwa na kila sababu ya kuchagua biti 1, hasa kwa barua zilizopigwa chapa kwa wino mweusi.

Yaliyo kati ya nyeupe na nyeusi

Kiswahili kina vivumishi vitatu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi zimepata majina kutokana na vitu: kijivu kutoka jivu, kahawia kutoka kahawa, zambarau kutoka tunda. Mzungumzaji hakosi namna ya kutaja yaliyo katikati. Faili ya biti 1 hukosa. Kila pikseli iliyo chini ya kizingiti huwa nyeusi, na iliyo juu yake huwa nyeupe.

Kwa hati za Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu, hasara hiyo hugusa matini yenyewe. Herufi za sauti b, t na th zina umbo moja. Nukta ndizo zinazozitenganisha. Nukta iliyofifia ikivuka kizingiti hutoweka, na neno hugeuka. Kizingiti kikishushwa au kupandishwa ili kuiokoa, doa la unyevu nalo huweza kuonekana kama nukta. Viwango 256 vya kijivu huiacha nukta na doa vyote viwili, ili msomaji aamue.

Hata kijivu hakitoshi. Misahafu ya Siyu imepambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Katika nakala ya kijivu, nyekundu iliyokolea na nyeusi iliyofifia zinaweza kulingana kabisa, na kazi ya wino mwekundu ikapotea. Vivyo hivyo kwa muhuri wa ofisi uliogongwa juu ya saini.

Skrini ya mkaguzi

Hata faili ikiwa kamili, huonekana kupitia skrini. Skrini nyingi za bei nafuu zina biti 6 kwa kila rangi ya msingi, yaani viwango 64, na huigiza vilivyobaki kwa kubadilisha pikseli haraka. Palipo na mpito laini wa rangi, mkaguzi huweza kuona ngazi, akadhani ni kasoro ya nakala. Kosa hili linarekebishika: faili ile ile itafunguliwa kesho kwenye skrini bora. Kosa la faili halirekebishiki. Hakuna skrini, hata yenye biti 10 na viwango 1,024 kwa kila rangi, itakayorudisha nukta ambayo skana haikuihifadhi.

Hitimisho

Ubanaji wa rangi wa miaka ya 1980 ulikuwa uamuzi wa busara kwa bei za wakati wake. Bei hizo zimepita. Kurasa 10,000 za biti 24 kwa ukubwa uliotajwa ni takriban gigabaiti 260, ambazo diski moja ya kawaida ya leo huzibeba.

Kwa hiyo miongozo ya kunakili hati za Kiswahili katika ukanda huu itaje mambo mawili pamoja, nukta kwa inchi na biti kwa pikseli, na iweke biti 24 kuwa kiwango cha chini kwa kila hati iliyoandikwa kwa mkono. Nakala nyepesi za kusomea zitolewe kutoka hiyo. Karatasi ikishaoza, nakala ndiyo hati. Na ambacho nakala haina, mwanahistoria wa Buyenzi wa baadaye hatajua hata kwamba kilikuwapo.