Mswaki wa Umeme Kwenye Begi la Biharusi: Umetoka Wapi, na Unastahili Bei Yake?



Msimu wa harusi ukikaribia, orodha ya begi la biharusi hurefuka. Zamani ilikuwa khanga, madira, viatu, manukato, udi na sabuni za kuogea. Siku hizi mabiharusi wengi wanaongeza na mswaki wa umeme, tena si ule wa bei rahisi. Wanataka ule unaokaa kwenye kisahani chake cha kuchaji, wenye taa, wenye kubadilisha kasi, na wengine wenye kuungana na simu. Shangazi wa upande wa bwana harusi akiona bei anashika kifua. Ndipo linapozuka suali: kitu hiki kitamfaa mtu miaka na miaka, au ni israfu tu yenye sanduku zuri?

Jibu lake halimo kwenye tangazo. Kwa hiyo tuifuate historia ya mswaki toka mtini mpaka kwenye chaja, kisha kila mmoja apige hesabu yake.

Neno lenyewe lina historia

Lugha nyingi kitu hiki zinakiita brashi ya meno. Sisi tunakiita mswaki, sawasawa na kile kijiti na mti wake. Neno limetoka kwenye Kiarabu, siwaak au miswaak, na mti unaosifika zaidi ni ule ambao Waarabu huuita araak na wataalamu wa mimea huuita *Salvadora persica*. Unaota Bara Arabu, na unaota pia sehemu kavu za Afrika Mashariki. Mswaki wa plastiki ulipofika pwani yetu haukupewa jina jipya. Ulirithi jina la kijiti, kwa sababu kazi ilikuwa ile ile.

Na kazi hiyo kwetu ni ibada. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa lau si kuhofia kuutia uzito umma wake, angewaamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Bi Aisha (R.A.) ametupokelea kuwa Mtume akiingia nyumbani kwake alikuwa akianza kwa mswaki. Mabiharusi, lizingatieni hilo: kabla ya mazungumzo na wa nyumbani, kinywa kwanza. Na ni Bi Aisha huyo huyo, katika saa za mwisho za Mtume, aliyemuona akiutazama mswaki uliokuwa mkononi mwa kaka yake Abdurrahman. Akauchukua, akautafuna mpaka ukalainika, akampa mumewe autumie. Mswaki ulikuwa miongoni mwa vitu vya mwisho baina ya mke na mume katika nyumba ile.

Sasa, je, mswaki wa plastiki unampatia mtu sunna? Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameandika katika Minhaj kuwa sunna ya siwaak hupatikana kwa kila kitu chenye mkwaruzo. Sisi wengi wetu visiwani ni Mashafi, kwa hiyo kauli hiyo inatuhusu moja kwa moja. Ukinuia sunna, mswaki wa nailoni unaingia, na wa umeme hali kadhalika. Kumbuka tu kwamba kwa madhehebu yetu mwenye kufunga hukirihishwa kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, na hukumu hiyo haibadiliki kwa sababu mswaki una betri.

Miaka ambayo mswaki ulitengenezwa kwa nguruwe

Mswaki wenye nywele ulianza China. Mwaka unaotajwa sana ni 1498. Mpini ulikuwa wa mfupa au mwanzi, na nywele zilikuwa za shingoni mwa nguruwe, hasa wa sehemu za baridi, kwa kuwa nywele zao ni ngumu. Uingereza, mtu aitwaye William Addis anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuitengeneza kwa wingi, mnamo 1780, kwa mfupa wa ng'ombe na nywele za wanyama. Kiwanda cha ukoo wake kilidumu vizazi na vizazi.

Hapa pana jambo ambalo wanawake wa Kiislamu hatuna budi kulijua. Kwa zaidi ya karne nzima, mswaki wa dukani ulioonekana wa kistaarabu ulikuwa kwa kawaida umeshonwa nywele za nguruwe, ambaye kwa Mashafi ni najisi mwili mzima. Aliyebaki na kijiti chake cha araak hakuwa nyuma ya wakati. Alikuwa na sababu ya dini, na kwa kweli hata ya afya, kwa kuwa nywele za mnyama hukauka polepole na huhifadhi vijidudu.

Mambo yaligeuka mwaka 1938, kampuni ya DuPont ya Marekani ilipotoa mswaki wenye nywele za nailoni. Wengi tunadhani nailoni ilianzia kwenye soksi ndefu za kike, lakini soksi hizo ziliingia sokoni mwaka 1940. Mswaki ulitangulia. Nailoni ilikuwa safi, ilikauka haraka, na haikutoka kwa mnyama. Kwa Muislamu hilo halikuwa badiliko dogo.

Tahadhari moja kwa wa leo: ipo misuwaki inayouzwa kwa sifa ya kuwa ya asili, mpini wa mwanzi na nywele za asili. Soma maandishi. Nywele za asili mara nyingi ni za nguruwe. Mpini wa mwanzi hauna neno, ila nywele ziwe za nailoni.

Umeme unaingia

Mswaki wa umeme wa kwanza kufanikiwa sokoni ulitengenezwa Uswisi mwaka 1954 na Dokta Philippe-Guy Woog, ukaitwa Broxodent. Haukukusudiwa kuwa pambo la bafuni. Ulikusudiwa watu ambao mikono yao haina nguvu au haiendi wanavyotaka, na waliofungwa nyaya za kunyoosha meno. Ulikuwa na waya uliochomekwa moja kwa moja ukutani, jambo la kutisha karibu na maji. Ulifika Marekani mwaka 1960, na mwaka 1961 kampuni ya General Electric ikatoa wa kuchaji, usio na waya.

Betri za wakati ule zilikuwa dhaifu na mipini minene, na mswaki wa umeme ukabaki kuwa kitu cha ajabu zaidi kuliko cha lazima. Ulirudi kwa nguvu miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990. Mwaka 1991 Braun na Oral-B walitoa wenye kichwa kidogo cha mduara kinachozunguka kwenda na kurudi. Mwaka 1992 Sonicare ilitoka, kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ikawa na kichwa kirefu kinachotetema kwa kasi sana. Philips waliinunua kampuni hiyo mwaka 2000. Misuwaki mingi ya bei kubwa unayoiona madukani leo ni wa mduara au wa mtetemo, ukoo wa moja ya hiyo miwili.

Utafiti umesema nini

Mwaka 2014 taasisi ya Cochrane, inayokusanya tafiti za afya na kuzipima, ilichapisha mapitio ya majaribio 56 ya watu zaidi ya 5,000. Ilionekana kuwa waliotumia mswaki wa umeme, baada ya miezi mitatu, walipunguza ukoga kwa asilimia 21 zaidi ya waliotumia wa mkono, na uvimbe wa fizi kwa asilimia 11 zaidi. Lakini waandishi wenyewe walisema haijawa wazi tofauti hiyo ina uzito gani kwa afya ya meno ya muda mrefu.

Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa Ujerumani uliowafuatilia watu wazima wapatao 2,800 kwa miaka 11. Waliotumia wa umeme walipoteza meno machache zaidi, kwa takribani asilimia 20, na fizi zao zilichakaa taratibu zaidi. Ni habari njema, ila tuisome kwa makini. Watu wale hawakupangiwa mswaki, walijichagulia. Anayeamua kununua mswaki wa umeme huenda tayari ni mtu wa kujali meno yake na kumuona daktari, na si rahisi kutenganisha mchango wa mashine na mchango wa tabia.

Kwa hiyo faida ipo, ni ya kiasi, na kubwa zaidi kwa anayepiga mswaki ovyo. Mashine humlazimisha kutimiza dakika mbili. Ile taa inayowaka ukikandamiza sana huwasaidia wenye mkono mzito, ambao fizi zao huanza kupanda juu wakiwa bado vijana. Lakini sikilizeni: mzunguko mzuri, saa ya dakika mbili na taa ya kukandamiza mara nyingi vimo kwenye misuwaki ya bei ya kati. Kinachoongezeka kwenye ile ya bei kubwa ni rangi, kifuko cha safari, aina nyingi za mwendo na programu ya simu. Hayo hayaoshi jino.

Hesabu ya kisiwani

Tangazo hutaja bei ya mpini. Mnunuzi mwenye akili huuliza bei ya vichwa. Kichwa hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu, yaani vinne kwa mwaka. Mke na mume wanane. Kwa miaka mitano ni vichwa 40. Zidisha mwenyewe kwa bei ya duka unalolijua, utakuta mara nyingi vichwa vinaupita mpini. Kama vichwa vya aina yako havipatikani Unguja wala Pemba mpaka aje mtu kutoka Dubai au Muscat, basi umenunua mpini wa kuwekea kumbukumbu. Na vichwa vya bandia vimejaa. Vingine havishiki vizuri na nywele zake hukwaruza fizi.

La pili ni betri. Misuwaki mingi imefungwa kabisa isiingie maji, betri haibadilishwi. Betri ikichoka baada ya miaka kadhaa, mpini wote umekwisha, uwe wa bei kubwa au ndogo.

La tatu ni umeme wenyewe. Wazanzibari hatujasahau mwaka 2008, waya wa chini ya bahari ulipokufa tukakaa kiasi cha mwezi mmoja gizani, wala Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kamili. Mswaki mzuri wa leo hukaa kama wiki mbili kwa chaji moja, kwa hiyo umeme kukatika siku mbili si tatizo. Hata hivyo angalia chaja. Zipo zilizotengenezwa kwa volti 120 za Marekani tu, na ukizichomeka kwenye volti 230 zetu zinaweza kuungua siku ya kwanza. Zawadi ya jamaa wa Marekani isomwe nyuma kabla ya kuchomekwa.

Basi, uingie kwenye begi?

Kama bajeti ni nyepesi, usimbane bwana harusi kwa hili. Mswaki laini wa nailoni, dawa ya meno yenye floraidi, dakika mbili asubuhi na usiku, na kijiti cha araak kwa ajili ya sala, vinatosha kukuweka na kinywa safi maisha yako yote. Pesa iliyobaki ikupeleke kwa daktari wa meno kabla ya harusi, akutoe ukoga uliokwishaganda, kwani huo hautoki kwa mswaki wa aina yoyote.

Kama uwezo upo, chukua wa umeme wa bei ya kati, wa kampuni ambayo vichwa vyake vinauzwa karibu nawe. Nunua na vichwa vya mwaka mzima siku hiyo hiyo. Mpini mmoja unatosha mke na mume, kila mtu na kichwa chake. Ule wa bei ya juu kabisa, kwa yale tuliyoyaona, hauongezi kitu kwenye meno kinacholingana na pesa yake, na Mola wetu ametukataza israfu hata katika vilivyo halali.

Na kama ndani ya nyumba mna bibi ambaye vidole vimekaza, au mama aliyepata kiharusi, basi yeye ndiye wa kwanza kununuliwa, hata kabla ya biharusi. Mashine hii ilibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Masomo wetu husema kinywa ndicho salamu ya mke. Udi hufukiza nguo na nywele, lakini haufichi harufu ya kinywa kisichooshwa.

Allah azijaalie ndoa zenu usafi wa nje na wa ndani, na atujaalie tuwe wenye kuhuisha sunna kwa vilivyo mikononi mwetu. Amin.