Mashujaa wa Kike wa Filamu za Kutisha na Vinyago Vyao: Hoja Kutoka Kicukiro

Filamu ya Alien ilipotoka mwaka 1979, kampuni ya Kenner ya Marekani ilipeleka madukani sanamu ya dubwana la filamu hiyo, yenye urefu wa karibu sentimita 46, meno nje na fuvu linaloonekana ndani ya kichwa. Ripley, mwanamke aliyelishinda dubwana hilo, alibuniwa umbo dogo la kushika mkononi pamoja na mabaharia wenzake wa anga, kisha mradi ukafutwa. Sanamu yake ya kwanza ya Kenner ilifika kwa wanunuzi mwaka 1992, na yale maumbo yaliyobuniwa mwanzo yalitolewa na kampuni nyingine mwaka 2013, miaka 34 baada ya filamu. Hali ilikuwa hiyo hiyo tangu zamani. Kampuni ya Aurora ya Marekani ilianza sanamu zake za kutisha na jitu la Frankenstein mwaka 1961, na bibi harusi wa jitu hilo akafuata mwaka 1965, naye pia alitengenezwa kwa sababu alikuwa wa kutisha. Dubwana huuzwa kwanza, na mwanamke aliyelishinda husubiri.

Swali la kama inafaa kuwatengenezea sanamu wanawake hawa sasa linatuhusu watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Lupita Nyong'o, binti wa Wakenya aliyezaliwa Mexico, ndiye aliyebeba filamu ya Us ya Jordan Peele mwaka 2019, akicheza nafasi mbili: mama anayeilinda familia yake na mwanamke wa chini ya ardhi anayekuja kuisaka. Mwaka 2024 alibeba A Quiet Place: Day One, na ndani ya filamu hiyo hiyo yumo Eliane Umuhire wa Rwanda. Nakia, mhusika wa Lupita katika Black Panther, alitengenezewa sanamu na Hasbro mwaka 2018. Sura za kwetu zimeingia katika biashara hiyo. Jambo la kuamua ni nani atakayezichonga, na zitamsimulia nani.

Wilayani Kicukiro, jijini Kigali, upande wa Rwandex, kuna kijiji cha mafundi wa Caplaki, ushirika wa vibanda ambako watalii na wenyeji hununua kazi za mikono. Anayepita hapo atakuta barakoa za Kongo, sokwe wa mbao, wacheza ngoma wa intore wenye nywele za katani, wanawake waliosokotwa kwa majani makavu ya migomba wakiwa na mitungi vichwani. Wanawake wako wengi rafuni, na karibu wote wamebeba kitu au wamebeba mtoto. Hakuna ubaya katika hilo, lakini mnunuzi anaondoka na umbo lisilo na jina wala kisa.

Zamani, kwingineko Afrika Mashariki, haikuwa hivyo. Wazaramo wa pwani ya Tanzania wana mwana hiti, kinyago kidogo cha mwanamke kinachoenea kiganjani: mche wa mbao usio na mikono wala miguu, matiti mawili madogo, kitovu, na kichwa chenye mashungi. Mwali alipowekwa ndani alikabidhiwa kinyago hicho, akakitunza na kukipaka mafuta kama mwanawe. Hakikuwa pambo. Kilikuwa chombo cha kumvusha msichana kutoka utotoni, na ukubwa wake ulikuwa sehemu ya kazi yake, kwa sababu mtu anakielewa kwa kukishika. Kwa Wazigua, Wasambaa na Wapare, makungwi walitumia sanamu za udongo, na kila sanamu ilikuwa na wimbo wake. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alizikusanya na kuandika kitabu juu yake kilichochapishwa mwaka 1956. Funzo lililomo katika kazi ile ni zito: ukiitenga sanamu na wimbo wake, unabaki na bonge la udongo lililopakwa rangi. Kungwi asingeitoa bila kuimba.

Hofu nayo ina historia yake ya uchongaji. Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji walileta Dar es Salaam ustadi wa mpingo, mti ambao fundi huumenya kwa tezo, akiondoa nje iliyopauka hadi afikie moyo mweusi. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa akinunua kazi zao, na hapo ndipo Samaki Likankoa alipoanza kuchonga mashetani: jicho moja, mguu mmoja, mdomo uliopanuka hadi sikioni, viungo vinavyojipinda na kuachiana nafasi za hewa. Inasimuliwa kwamba kinyago cha kwanza cha aina hiyo kilizaliwa baada ya kazi ya kawaida kukataliwa, fundi akaigeuza badala ya kuitupa. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wakavipenda. Yaani miaka ishirini kabla ya Kenner, Dar es Salaam ilikuwa tayari na soko la sanamu za kutisha, na soko lile lilianza na shetani, kama lilivyoanza Marekani. Tofauti ni kwamba Wamakonde hawakumwacha mwanamke nyuma. Hekaya yao ya asili inasema mtu wa kwanza alichonga umbo la mwanamke kwa mbao, akalisimamisha juani, likawa mke wake na mama wa kabila. Shetani na mama walitoka katika tezo moja.

Sinema yetu ya kutisha ilikuja baadaye, kwa video. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka jijini Dar es Salaam, filamu ya mzuka kutoka simulizi za Wanyakyusa, na nyingine zikafuata za wachawi, majini na makaburi. Wanawake katika kazi hizo mara nyingi walipewa ama uchawi ama kilio. Siwalaumu waigizaji. Hadithi zenyewe ziliandikwa kwa haraka ya soko, na hakuna aliyewaza kwamba mtazamaji angetaka kubaki na mmoja wao nyumbani.

Kicukiro ina filamu nyingine, na hapa lazima nipunguze sauti. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanajeshi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, wakaacha nyuma watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia pale. Wauaji waliwaswaga kwa miguu hadi kilima cha Nyanza, na wengi wao wakauawa huko. Mwaka 2005 Michael Caton-Jones alitengeneza Shooting Dogs katika majengo yale yale ya shule, na miongoni mwa waliofanya kazi ya filamu walikuwamo manusura. Mhusika wake Marie, msichana wa shule aliyechezwa na Claire-Hope Ashitey, anakimbia, anakimbia tena, na anabaki hai. Kwa umbo la hadithi, anafanana na wale wasichana wa filamu za kutisha ambao hubaki peke yao mwishoni. Kwa sababu hiyo hiyo nasema asitengenezewe sanamu ya kuuzwa. Filamu ile si ya kutisha kwa maana ya burudani, na waliokimbia njia ile ya Nyanza wana ndugu wanaoishi mitaa hii hii. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 inaadhibu kuyakana mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na kuyapunguzia uzito, lakini hata bila sheria, mwanasesere wa msichana anayekimbia mapanga ni kitu ambacho mtu mwenye utu haweki dirishani.

Wasanii waliofanya kazi Kicukiro walilijua hilo. Bruce Clarke, mchoraji mzaliwa wa Uingereza mwenye wazazi wa Afrika Kusini, alibuni bustani ya kumbukumbu ya Nyanza kwa mawe, kila jiwe likiwa na alama kwa ajili ya mtu mmoja aliyeuawa. Hakuna uso. Mwaka 2014, miaka ishirini baada ya mauaji, alichora maumbo marefu ya wanaume, wanawake na watoto waliosimama wima kwenye kuta za majengo, na hayo pia hayakuwa picha za watu mahususi. Sanaa ya jadi ya Rwanda yenyewe haikuelemea sura za watu: michoro ya imigongo ya Kirehe huinuliwa kwa samadi ya ng'ombe katika mistari na pembe, na vikapu vya agaseke husema kwa mapambo yake. Basi anayetaka kuleta sanamu ya shujaa wa kike katika nchi hii aje na sababu nzuri.

Sababu hiyo ipo, na iko Ruhango, kusini-magharibi mwa Kigali. Zura Karuhimbi alikuwa mganga wa mitishamba katika kijiji cha Musamo. Mwaka 1994 aliwaficha watu zaidi ya mia moja katika nyumba yake ndogo. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na sifa ya uchawi, na akaitumia. Alijipaka yeye na kuta zake dawa ya majani inayowasha ngozi, ili aliyemgusa au kugusa nyumba aanze kujikuna. Alitikisa bangili na vitu vyovyote vya kulia alivyokuwa navyo, akawaambia wanamgambo wa Interahamwe kwamba wakivuka kizingiti chake wanajichimbia kaburi kwa hasira ya Nyabingi. Watu waliokuwa na mapanga waliogopa, wakaondoka. Serikali ilimtunuku medali mwaka 2006, naye alifariki Desemba 2018.

Nyabingi aliyemtaja anajulikana tangu Ndorwa hadi Karagwe: roho ya mwanamke, yenye wahubiri wake ambao wengi walikuwa wanawake. Muhumuza, aliyejitambulisha kuwa mjane wa mfalme Rwabugiri, aliwakusanya wafuasi kwa jina hilo dhidi ya wakoloni hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1911 na kumweka Kampala, ambako alifia mwaka 1945. Kwa hiyo Karuhimbi hakubuni silaha yake siku ile. Aliirithi. Katika simulizi hii mwanamke hakimbii hofu. Hofu iko mkononi mwake, na anaijua kuliko wauaji.

Jo Ingabire Moys, mwongozaji mzaliwa wa Rwanda anayeishi Uingereza, aliichukua habari hii akatengeneza filamu fupi, Bazigaga, ya mwaka 2022. Eliane Umuhire ndiye mganga. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA mwaka 2023. Ina giza, kibanda, vishindo vya nje na mwanamke anayeaminiwa kuwa mchawi, vyote ambavyo filamu ya kutisha huvihitaji, lakini kitisho kinaelekezwa mlangoni kwa wauaji. Bazigaga ni mhusika wa kubuni, na hilo linampa mchongaji nafasi: anaweza kutengeneza umbo bila kuuza uso wa marehemu.

Hukumu yangu ni kwamba huyu afaa kutengenezwa. Afaa kwa masharti. Asitolewe kwa plastiki kwenye kiwanda cha mbali, ingawa mashine za kuchapisha maumbo zimekuwapo Kigali tangu karakana ya FabLab ifunguliwe mwaka 2016 na zinaweza kusaidia kupata kielelezo. Achongwe kwa mbao za mti wa umusave na mafundi wa hapa, awe wa kuenea kiganjani kama mwana hiti, asimame wima mlangoni, na bangili zake ziwe za chuma halisi ili zilie anapotikiswa. Asiwe na panga karibu yake, wala maiti, wala muuaji wa kununuliwa pembeni. Kisa chake kiandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili kwenye karatasi inayofuatana naye, maana tumekwisha kuona sanamu bila wimbo inakuwa nini. Na kabla ya yote, jamaa za Karuhimbi na watu aliowaokoa waulizwe. Wakikataa, yaishe hapo.

Wanaoweza kuanza kazi hii wanajulikana: mwongozaji wa Bazigaga, mafundi wa Caplaki wenye mikono, na ninyi wasomaji mnaonunua zawadi Kigali kila mnapopita. Mkiingia vibandani, muulizeni muuzaji jina la mwanamke aliye rafuni na alichokifanya. Mafundi hutengeneza kinachoulizwa.