Jina Imani katika Kitabu cha Ubatizo



Wiki hii mama mmoja hapa Kintinku amekuja kuandikisha ubatizo wa mtoto aitwaye Imani. Nikamwuliza, "Ni wa kiume au wa kike?" Akacheka: "Baba Paroko, hata nesi aliuliza hivyo hivyo."

Swali hilo lina historia yake. Neno imani tumelipata kwa Waarabu, ambao hulitamka bila irabu ya mwisho, wakiivuta na kuitilia mkazo silabi ya "ma". Waswahili waliongeza irabu, na kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukabaki pale pale: i-MA-ni. Kwa Kilatini imani ni fides, nomino ya jinsia ya kike, na Fides likawa jina la wasichana. Mapokeo ya kale yaliwataja mashahidi watatu wa Roma, mabinti wa Mtakatifu Sofia: Fides, Spes na Karitas. Kiswahili, kama Kigogo cha wazee wetu, hupanga nomino kwa ngeli, wala hakiulizi uume na uke. Hata hivyo sarufi haikuamua yote. Neema na Pendo tumewapa zaidi wasichana, Baraka tumewapa wavulana; Imani na Tumaini tumewaachia wote.

Zamani jina kama hilo lisingesimama peke yake kwa urahisi. Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 761, ilimwagiza paroko kuhakikisha mtoto anapewa jina la Kikristo. Iliposhindikana, aliongeza jina la mtakatifu juu ya lile la wazazi na kuyaandika yote mawili kitabuni. Sheria ya 1983, kanuni ya 855, yataka tu lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Nani atasema Imani ni geni, nasi twaisali kila siku pamoja na matumaini na mapendo?

Ng'ambo jina hili limefuata njia nyingine. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, yenye misingi saba iliyopewa majina ya Kiswahili. Wa saba ni Imani, nao huadhimishwa tarehe 1 Januari. Wamarekani weusi wakalipenda jina hilo, hasa kwa mabinti zao. Ndiyo maana Profesa Imani Sanga, mtaalamu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mwanamume, na Imani Perry, mwandishi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Taifa ya Vitabu mwaka 2022, ni mwanamke.

Kwangu mimi shida si Marekani, ni Amani. Majina haya mawili yana mkazo mahali pamoja, na irabu ya kwanza, ambayo ndiyo pekee inayoyatofautisha, hutamkwa kwa wepesi. Katikati ya vilio vya watoto ishirini, nani ataisikia? Katika parokia moja niliyowahi kuhudumu, binti mmoja alifika kuomba cheti cha ubatizo, ndoa yake ikiwa imekaribia. Kitabuni tulikuta tarehe yake, baba yake na mama yake, lakini jina lilikuwa Amani, na pembeni: "wa kiume". Alikaa kwenye benchi la ofisi akilia, maana mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa na tangazo la kwanza lilikuwa lisomwe Jumapili. Sheria yaruhusu ubatizo kuthibitishwa kwa tamko la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, lakini msimamizi wake alikuwa amehama. Tulimpata baada ya majuma matatu.

Tangu hapo nawaomba wazazi wanitajie jina herufi kwa herufi, hata wakiniona mzee wa masikio. Huyu wa wiki hii ni mvulana. Nimeandika: Imani Yohane, wa kiume, nikampa mama yake asome kabla sijafunga kitabu.