Kaunta Ilipoondolewa: Historia ya Duka la Kujihudumia

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, duka la vyakula nchini Marekani lilikuwa na kaunta ambayo mteja hakuivuka. Unga, sukari na kahawa vilikaa kwenye mapipa na magunia nyuma ya muuzaji. Mteja alitaja alichotaka, au alimtuma mtoto na orodha. Muuzaji akapima, akafunga kwa karatasi na uzi, akaandika deni daftarini, na baadaye kijana wa duka akapeleka mzigo nyumbani kwa mkokoteni wa farasi. Mkulima alilipa baada ya mavuno, kibarua siku ya mshahara. Bei nyingi hazikuandikwa popote, hivyo mwenyeji aliyejua kubembeleza alipunguziwa na mgeni akatozwa zaidi. Gharama ya yote hayo, pamoja na madeni yasiyolipwa kamwe, ilikuwa imefichwa ndani ya bei ya kila ratili ya sukari.

Kampuni ya A&P, iliyoanza kwa kuuza chai New York mwaka 1859, ndiyo iliyotenganisha bei ya bidhaa na bei ya huduma kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1912 John Hartford, mmoja wa ndugu walioiendesha, alifungua huko Jersey City duka dogo lisilo na mapambo wala msururu wa wafanyakazi. Hapakuwa na kukopa wala kupelekewa mzigo. Bei ilishuka na wanunuzi wakafurika. Kufikia mwaka 1930 A&P ilikuwa na maduka karibu 16,000, na wingi huo ukaipa nguvu nyingine: kununua viwandani kwa bei ambayo mwenye duka moja asingeipata hata angelia machozi.

Katika maduka hayo, hata hivyo, kaunta ilibaki. Aliyeiondoa ni Clarence Saunders, aliyefungua duka la kwanza la Piggly Wiggly mjini Memphis tarehe 6 Septemba 1916. Mteja alipita kwenye geti la kuzunguka, akachukua kikapu, akafuata njia moja iliyompitisha mbele ya rafu zote kabla ya kumfikia keshia. Kila kitu kiliandikwa bei yake. Saunders alipewa hataza ya mpangilio huo mwaka 1917. Kutafuta, kulinganisha na kubeba, kazi alizolipwa muuzaji, sasa zilifanywa na mnunuzi mwenyewe, na ujira wake ulikuwa zile senti alizopunguziwa.

Itakuwa kosa kudhani kwamba wanunuzi walidanganywa. Huduma ya kaunta ilikuwa nzuri kwa aliyependwa na mwenye duka. Wateja Weusi wa miji ya Kusini walizoea kungojeshwa hadi wazungu wahudumiwe, na maskini aliyetaka kitu cha bei ya chini kabisa ilimbidi akitaje mbele ya majirani. Rafu haikumbagua mtu. Ilileta pia mabadiliko viwandani: kwa kuwa hapakuwa tena na muuzaji wa kusifia bidhaa, pakiti ililazimika kujisifia yenyewe, na majina ya kampuni yaliyochapishwa juu yake yakachukua nafasi ya neno la mwenye duka. Saunders hakufaidi sana: mwaka 1923, baada ya vita vya hisa katika soko la New York, kampuni ilimponyoka.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya ukubwa. Tarehe 4 Agosti 1930, wakati mdororo wa uchumi ukiuma, Michael Cullen alifungua duka la King Kullen katika jengo kubwa la Queens, New York, mbali na mitaa ya kodi ghali, akitegemea wateja wenye magari. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaleta toroli. Wateja waliikataa mwanzoni, hadi alipowalipa watu wa rika mbalimbali wajifanye wanunuzi na kuisukuma dukani.

Wenye maduka madogo hawakukaa kimya. Majimbo kadhaa yalitoza kodi maalumu kwa kampuni zenye maduka mengi, na mwaka 1936 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya Robinson-Patman ili kuzuia wauzaji wakubwa wasipendelewe bei na viwanda. Sheria haikuweza kushindana na gari na jokofu, vilivyomwezesha mnunuzi kubeba na kuhifadhi chakula cha wiki nzima.

Afrika Mashariki imefuata njia hiyo nusunusu. Kampuni ya supamaketi ya Uchumi ilianzishwa Kenya mwaka 1975 kwa mtaji wa mashirika ya serikali. Nakumatt, iliyochipuka kutoka biashara ya magodoro ya Nakuru, ilivuka mipaka hadi Uganda, Rwanda na Tanzania. Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini iliiuzia Nakumatt maduka yake ya Tanzania. Mwaka uliofuata Uchumi ikafunga matawi yake ya Tanzania na Uganda. Kisha Nakumatt nayo ikaporomoka, ikiwadai uvumilivu wasambazaji iliowakopa mabilioni ya shilingi.

Uongozi mbovu umelaumiwa sana, na kwa haki. Lakini nafuu ya supamaketi inamtaka mnunuzi awe na pesa ya pakiti nzima leo, nauli, na mahali pa kuhifadhi. Anayelipwa kwa siku hana vyote hivyo. Kwa Mangi, kama wenye maduka ya mitaani wanavyoitwa Dar es Salaam hata wasipokuwa Wachaga, anapata sukari robo, mafuta ya kupima na sigara moja, saa tatu usiku. Anajua kwamba kwa kilo analipa zaidi. Ziada hiyo ndiyo gharama ya kupimiwa kidogo kidogo, karibu na nyumbani. Na ingawa kwenye nondo za dirisha limebandikwa tangazo kwamba leo hakuna mkopo, chini ya kaunta daftari la madeni lipo.

Supamaketi za Nairobi na Dar es Salaam nazo sasa zinapokea oda kwa simu na kutuma bodaboda hadi mlangoni. Nauli ya bodaboda inaandikwa kwenye mstari wake, chini ya bei ya bidhaa.